Usiniandikie "Uzee"

Mwezi uliopita nilimsindikiza jirani yangu wa hapa Makole, mama mtu mzima, kwenye zahanati moja ya mtaani. Kijana aliyekuwa zamu, mtanashati, koti jeupe linang'aa, alimsikiliza kidogo huku simu ikimchekesha mkononi. Kisha akanigeukia mimi, si mgonjwa, akasema: "Bibi, huyu hana ugonjwa. Ni uzee tu." Nikamwuliza kama amemsimamisha akaona anavyotembea. Akasema foleni ni ndefu. Basi nilimsema mpaka waliokuwa kwenye benchi wakaacha kukohoa. Mimi ni Mpare, na watu husema Mpare akikosa kesi huumwa. Siku ile nilikuwa mzima kabisa.

Ndiyo maana nawaandikia ninyi, wanangu na wajukuu zangu mnaosomea uuguzi, utabibu na udaktari hapa Dodoma. Nimefanya kazi wodi ya wanaume zaidi ya nusu ya umri wangu. Nimestaafu, magoti yanalia, lakini hasira haijastaafu. Na neno linalonipandisha mori kuliko matusi yote niliyotukanwa na wagonjwa ni hilo: uzee. Mkishaliandika kwenye karatasi ya mgonjwa, hakuna anayetafuta tena. Daktari anayefuata analisoma, anatikisa kichwa, naye analinakili.

Nataka mjue habari za Mzee Ndahani wa Gulwe. Neno hilo lilimpeleka akalale na ndama, na nusura limzike akiwa hai.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Mitumba ruksa, maduka ruksa, zahanati za watu binafsi ruksa. Maduka ya dawa yaliota kama uyoga, na mtu aliyekuwa akiuza mafuta ya taa mwaka jana, mwaka huu alikuwa na rafu ya vidonge na anakushauri kabisa. Wazee ndio waliokuwa wateja wazuri. Kulikuwa na dawa ya maji ya kuongeza damu kichwani, vidonge vya kurudisha nguvu za miguu, sindano za vitamini za rangi nyekundu zilizopendwa kwa sababu ya rangi yenyewe. Nawaambia ukweli, baadhi ya waliokuwa wakizichoma walikuwa wenzetu, jioni wakitoka zamu. Mzee Ndahani alimezeshwa na kuchomwa zote hizo. Alipewa mpaka dawa za ugonjwa wa kutetemeka, na mikono yake ilikuwa imetulia tuli.

Mimi nilikuwa kwenye hospitali ndogo ya misheni upande wa kwenda Zuzu. Msiitafute, ilishafungwa na majengo yake sasa ni mabweni. Daktari wetu alikuwa Daktari Sanga, Mkinga mmoja mwenye sauti ya kukwaruza kwa sigara, na mwenye hasira kunishinda mimi. Alikuwa na mtindo wake. Mzee yeyote akiletwa wodini, hata kama amekuja kwa jipu, lazima atembee ukumbini mbele yake, afike dirishani, ageuke, arudi. Sisi wauguzi tuliita gwaride. Tulimcheka sana, kwa siri bila shaka. Yeye alikuwa akisema, "Mzee hasomwi akiwa amelala. Msimamisheni." Ukimwambia mgonjwa hawezi kusimama, anauliza: "Hawezi, au hamjamsaidia?"

Sasa basi, wodini tulikuwa na mgonjwa mmoja wa ngiri aliyeshafanyiwa operesheni, jina lake Mihayo, Mnyamwezi, mstaafu wa reli. Alikuwa amefanya kazi ya kutengeneza njia ya reli miaka mingi huko Gulwe, akaoa huko, akabaki huko. Mnajua utani wa Wanyamwezi na Wagogo. Kama hamjui, waulizeni wazazi wenu badala ya kuniuliza mimi. Mtani ana haki ya kukusema mbele za watu, kukuigiza, hata kukuchukulia kitu chako nyumbani mpaka ukikomboe, na ukikasirika aibu ni yako.

Jioni moja Mihayo alikuwa akiwachekesha wenzake kwa kumwigiza mtani wake, mzee Mgogo aliyefanya naye kazi. Alisimama katikati ya wodi, akatanua miguu, akawa anataka kwenda lakini nyayo haziachi sakafu. Akashika ukuta. Akaburuta mguu, akaburuta na mwingine, vihatua vidogo vidogo. "Mlenda umemwagika!" akasema, yaani ile mboga yao inayonata. "Mgogo kajinasa kwenye mlenda wake mwenyewe!" Halafu akageuka, na huko kugeuka ndiko kulikotuvunja mbavu, maana aligeuka kidogo kidogo, kwa vihatua visivyokwisha. Na mimi nilicheka. Nilikuwa nimeshika trei ya dawa, nikaiweka chini.

Daktari Sanga akatokea mlangoni. Mihayo akataka kurudi kitandani.

"Rudia," Daktari akasema.

"Daktari, ni utani tu. Ni mtani wangu wa Gulwe."

"Nimesema rudia. Na ukifika pale, geuka kama ulivyogeuka."

Mihayo akarudia, safari hii bila kuchekesha, na hakuna aliyecheka. Daktari akaketi kwenye kitanda cha mgonjwa mwingine akaanza kumwuliza. Kilianza nini, miguu au usahaulifu? Miguu, Mihayo akasema, miguu kwanza. Anatetemeka mikono? Hapana. Mkojo je? Mihayo akatazama chini. Unamponyoka, akasema, alianza kwa kukimbilia chooni asifike, sasa hata hakimbilii. Na kichwa? "Amekuwa mzito, Daktari. Unamwuliza leo, anakujibu kesho. Amepelekwa huku na huku, wote wanasema uzee."

"Ana miaka mingapi?"

"Tulistaafu pamoja. Ni mwenzangu kabisa."

Daktari akamtazama Mihayo, mtu aliyekuwa akicheza ngoma katikati ya wodi muda mfupi uliopita. "Kwa hiyo wewe uzee umekupitia mbali," akasema. "Ukitoka hapa, kamlete."

Nisikilizeni vizuri, hapa ndipo penye kazi. Ndani ya ubongo mna vyumba vyenye maji safi. Maji hayo hutengenezwa wakati wote, yakazunguka ubongo na uti wa mgongo, kisha yakafyonzwa kurudi kwenye damu. Kwa baadhi ya watu wazima ufyonzaji hulegea. Hakuna kishindo. Hata ukipima msukumo wa maji hayo unaweza kuukuta wa kawaida, na hapo wengi hudanganyika. Lakini vyumba vinapanuka polepole, vinaumiza nyuzi zilizo kando yake, zile zinazopeleka amri miguuni na kwenye kibofu. Ndiyo maana mara nyingi mwendo huharibika kwanza. Miguu ina nguvu, ukimlaza anaipiga hewani vizuri, lakini akisimama ni kana kwamba sakafu imemshika. Mkojo hufuata, na akili kupungua kasi. Mwenye mwendo ule mtamwita mlevi, mwenye mkojo mtamwita mgonjwa wa tezi dume, msahaulifu mtamwita mzee, na wote watatu ni mtu mmoja. Anayekaa naye nyumbani ndiye anayejua kipi kilitangulia. Mwulizeni huyo, na muda wa kumsikiliza muwe nao.

Mihayo alipopona alikwenda Gulwe kwa mtani wake, ndiye huyo Mzee Ndahani. Yaliyotokea huko nilisimuliwa na mke wa Mzee Ndahani, Bibi Yulita, na kila aliposimulia alianza upya kukasirika, nami pamoja naye.

Mzee Ndahani alikuwa na mji wake, nyumba ya tembe kubwa ya udongo, na ng'ombe wa kutosha. Mkojo ulipozidi, mtoto wake mkubwa, Yona, alimwondoa kwenye chumba chake akamhamishia kwenye kibanda cha ndama kilichoungana na nyumba, chenye mlango wa kuinama. Alisema ni kwa sababu ya harufu, na kwamba wageni wanakuja. Yona mwenyewe alihamia chumba cha baba yake, akakalia kigoda cha baba yake. Watoto wengine wa mzee wakanyamaza. Bibi Yulita akachukua mkeka wake akawa analala mlangoni pa kibanda, anamfulia mumewe nguo, anampa habari za siku, nani kazaa, mvua imenyesha wapi, ingawa hajibiwi. Watu walimwambia anaongea na gogo.

Msidhani Yona alikuwa jitu la kutisha. Alikuwa msharika mzuri kanisani. Alikuwa amempeleka baba yake kwa wataalamu, na wataalamu wakamwambia ni uzee. Sisi ndio tuliompa ruhusa. Hilo huwa linanichoma kuliko kibanda chenyewe.

Mihayo alipoeleza habari za hospitali, Yona alikataa. Alikuwa amesikia kwamba huko wanachoma sindano ya mgongo. Hofu hiyo bado ipo mpaka leo, na ina chanzo chake. Watu wa huku waliijua sindano ile kwa homa ya uti wa mgongo. Mgonjwa alikuwa akiletwa amechelewa, shingo imekauka, hajitambui, anachomwa ili ajulikane ana nini, kesho anakufa. Ndugu walichokiona ni sindano na jeneza. "Mnataka kumwua baba," Yona akasema. "Aliyekula chumvi nyingi mwacheni apumzike."

Mihayo akaondoka. Kesho yake asubuhi akarudi, Yona akiwa ameketi na wageni wanakula ugali wa uwele. Akabisha kwa Kigogo kibovu cha makusudi, "Mbukwenyi!" Wakaitikia. Akapita moja kwa moja mpaka kibandani, akainama, akatoka na Mzee Ndahani mgongoni.

"Sisi Wanyamwezi ni wapagazi," akatangaza. "Leo nimejipatia mzigo. Huyu ni mateka wangu wa utani. Mnaomtaka, mje mumkomboe Dodoma!"

Wageni wakaangua kicheko. Yona afanye nini? Akikasirika amevunja utani mbele ya watu, akimpokonya atachekwa mpaka Mpwapwa. Ikabidi acheke na yeye, meno nje, macho makavu. Bibi Yulita alikuwa ameshafunga kanga yake na yuko njiani. Mkokoteni wa punda ulikuwa ukisubiri, ukawafikisha stesheni.

Walipofika kwetu Daktari Sanga alimgombeza Mihayo vibaya sana. "Nimekushona ngiri, unabeba mtu mzima mgongoni? Unataka nikushone mara ya pili?" Mihayo akasema Mgogo yule ni mwepesi, kalishwa mlenda mtupu. Nilimpokea Mzee Ndahani. Ngozi ya mapaja ilikuwa imebabuka kwa mkojo, kucha ndefu, nywele zimejaa majani ya zizini. Nilimwamkia, "Shikamoo babu." Midomo ikacheza, sauti haikutoka. Nikasubiri. Nikaendelea kusubiri, nikimkunjia mkono wa shati. Ikatoka: "Marahaba." Mkiwauliza wazee wa namna hii, subirini jibu. Wengi wenu mnauliza na kujijibu wenyewe.

Daktari akamtembeza ukumbini, na ilikuwa vilevile kama Mihayo alivyoigiza, mpaka kule kugeuka. Siku iliyofuata tukamtoa maji kwa ile sindano ya mgongo. Kumshika mgonjwa ilikuwa kazi yangu. Alale ubavu, magoti yakunjwe tumboni, kidevu kifuani, mgongo ujitokeze, nawe umkumbatie huku unaongea naye, unamwambia kila kitu kabla hakijafanyika. Hata kama mnadhani haelewi, mwambieni. Maji yalitoka meupe, safi. Daktari akatoa mengi kuliko tunavyotoa tukitafuta homa, maana safari hii shabaha ilikuwa kuupunguzia ubongo mzigo na kutazama mwendo.

Baadaye, alipokwisha kupumzika, Daktari akasema, "Msimamisheni." Mzee Ndahani akasimama. Akatazama miguu yake. Mguu ukanyanyuka, sakafu ikauachia. Hakukimbia, msije mkawadanganya watu kwamba anakimbia, lakini alitembea, alifika dirishani, akageuka kama mtu, akamwona mkewe pale kwenye benchi akasema, "Yulita, umekonda."

Nililia, na nililia kwa hasira. Mtu huyu alikuwa amelazwa na ndama, na kilichokuwa kinahitajika ni mtu wa kumsimamisha na kumtazama.

Yona akaja na mbuzi wa kumkomboa baba yake. Alimkuta anatembea ukumbini ameshikwa mkono. Alipiga magoti, akamshukuru Mungu, akatushukuru na sisi, kisha akasema sentensi iliyonitoa jasho: "Basi amepona. Twende nyumbani."

Daktari akamweleza kwamba kile kilikuwa kipimo tu. Maji yatajaa tena, na ahueni hii itayeyuka. Dawa yenyewe ni operesheni huko Dar es Salaam, ambako kuna mashine ya kupiga picha ya ndani ya kichwa. Watamwekea mrija mwembamba kutoka kwenye vyumba vya ubongo, upite chini ya ngozi nyuma ya sikio mpaka tumboni, maji ya ziada yawe yanapungua yenyewe. Ina hatari zake, mrija unaweza kuziba, unaweza kuingia vijidudu, damu inaweza kuvuja, na si kila mtu anapata nafuu.

"Maji mmeshayatoa," Yona akasema. "Mnataka kumtoboa kichwa kwa ajili gani? Mmeona mzee wa shamba, mnataka kujifunzia."

Mihayo akaingilia. Akamkagua mbuzi meno, akamshika mkia. "Mbuzi huyu mmoja kwa baba mzima? Yona, unamtukana baba yako. Mimi nataka fahali." Wakaanza kubishana kiutani, Yona akiongeza kuku, Mihayo akikataa, wodi nzima ikitoa hukumu. Kelele zilipozidi Daktari akapiga kofi mezani.

"Mnamwuliza kila mtu isipokuwa mwenye kichwa!" Akamsogelea Mzee Ndahani, akamweleza upya, taratibu, pamoja na hatari zote, kisha akasubiri. Jibu lilichelewa mpaka Yona akafungua mdomo amjibie, nikamkanyaga mguu. Hilo sijutii.

"Nitakwenda," Mzee Ndahani akasema. "Akili ingalipo, andikeni kwamba nimekubali."

Walikwenda kwa basi, yeye na Bibi Yulita. Kabla hawajaondoka miguu ilikuwa imeshaanza kunata tena. Yona aliona kwa macho yake, na kwa heshima yake niseme kwamba hakuzuia.

Nimeuguza wengine baada ya yule. Mmoja mrija uliingia vijidudu tukampoteza. Mwingine maji yalitolewa na mwendo haukubadilika hata kidogo, ugonjwa wake ulikuwa mwingine, na hakupelekwa popote. Na wapo walioletwa wakiwa wamechelewa mno, wamekaa kwenye "uzee" miaka na miaka, nafuu ikawa kiduchu. Siku hizi mna mashine hapa hapa mjini, picha mnazisoma kwenye kompyuta. Mna kila kitu tulichokosa, na bado mnaniambia foleni ni ndefu!

Mzee Ndahani alirudi kutoka Dar na kovu nyuma ya sikio, na ukimpapasa shingoni unausikia mrija chini ya ngozi. Mkojo aliuzuia. Kumbukumbu haikurudi yote, jina langu hakulishika kamwe, aliniita Mama Sindano. Daktari akanituma nimfikishe Gulwe, niwafundishe watu wa nyumbani dalili za hatari: homa, kichwa kuuma sana, kutapika, usingizi usioeleweka, mwendo kurudi kule kule. Wakiona mojawapo wamlete bila kusubiri.

Kutoka stesheni alitembea mwenyewe kwa fimbo, Mihayo akimtukana njia nzima. Watu walijaa kumwona. Yona alikuwa amefagia chumba cha baba yake, ametandika kitanda kipya, ameweka kigoda mlangoni, na nyama ilikuwa jikoni.

"Shikamoo baba. Karibu nyumbani. Chumba chako kiko tayari."

"Marahaba." Akakipita chumba, akakipita kigoda, akaenda mpaka kwenye kibanda cha ndama. Akamwomba mkewe mkeka.

"Baba, huku ni kwa ndama," Yona akasema kwa sauti ya chini. "Watu watasemaje?"

"Watu walikuwa wanasema mbele yangu." Aliongea polepole, lakini safari hii hakuna aliyemkatiza. "Nilikuwa sijui leo ni siku gani. Kujibu nilikuwa siwezi. Kusikia nilikuwa nasikia. Mlisema hapa mlangoni kwamba nimebakiza kuzikwa tu. Mligawana ng'ombe wangu. Akaja mgeni wako akauliza humu ndani mna nini kinachonuka, ukamwambia ni ndama."

Hata Mihayo, mwenye haki ya kusema lolote, alitazama pembeni. Mzee Ndahani akainama, akaingia. Bibi Yulita akamfuata na mkeka.

Aliishi miaka kadhaa tangu hapo, akichunga mbuzi wake kando ya reli, na kila nilipokwenda kumwangalia nilimkuta kibandani. Chumba kile kikubwa kilibaki kitupu, maana Yona naye aliogopa kukirudia. Kila asubuhi Yona, mtu mrefu yule, aliinama kwenye mlango wa ndama kumwamkia baba yake. Mzee aliitikia marahaba kutoka ndani, akamwuliza habari za watoto, na hakumwambia akae.